Mahindi au Mchele? Kuchagua Nafaka Nafuu ya Kuongezea Kimea kwa Mpika Bia wa Nyumbani, Dar es Salaam

Mpika bia wa nyumbani aliyeko Dar es Salaam hugundua mapema kwamba fedha zake nyingi huliwa na kimea cha shayiri, ilhali masoko yanayomzunguka yamejaa mahindi na mchele. Nafaka hizi mbili si za kukopea tu pale ambapo shayiri imekosekana. Wapika bia wa Marekani wa karne ya 19 walichanganya mahindi na mchele kwa makusudi, kwa sababu shayiri yao ilikuwa na protini nyingi iliyoifanya bia isiwe ang'avu, na Budweiser, iliyoanza kuuzwa huko mwaka 1876, hupikwa kwa shayiri na mchele hadi leo. Kwa hiyo anayetaka bia nyepesi, ang'avu na yenye kunyweka katika joto la Pwani ana sababu mbili za kutazama upande huu, yaani mfuko wake na ladha anayoitafuta.

Ugumu huanza anapofika sokoni. Kuna sembe, kuna mahindi yaliyokobolewa, kuna chenga za mchele, na kuna nafaka zilizobapwa au kuivishwa kiwandani ambazo huuzwa madukani kwa bei ya juu zaidi. Makala haya yanazilinganisha njia hizo nne kwa vipimo vilevile, kwa ajili ya mtu mzima anayepika bia ya kunywa nyumbani kwake. Anayekusudia kuuza ana habari za leseni za kushughulikia kwanza.

Vipimo vya kulinganishia

Kipimo cha kwanza ni gharama halisi. Kilo moja ya mchele mweupe au ya mahindi yaliyokobolewa, ikipikwa vizuri, hutoa sukari inayokaribiana sana na ile ya kilo moja ya kimea cha shayiri, hivyo bei za kilo zinaweza kulinganishwa moja kwa moja. Hata hivyo, bei ya kilo peke yake hudanganya, kwa kuwa gesi au mkaa wa kupikia, ujira wa mashine na kiasi cha kinywaji kinachopotea kwenye machicha, yaani mabaki ya nafaka baada ya kuchuja, navyo ni fedha.

Kipimo cha pili, ambacho ndicho kinachowakwaza wengi, ni joto la kuiva kwa wanga. Wanga wa shayiri huiva kati ya nyuzi 60 na 65 za Selsiasi, na vimeng'enya vya kimea, yaani vile vinavyogeuza wanga kuwa sukari, hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 62 na 68, kwa hiyo shayiri hujimaliza yenyewe ndani ya sufuria moja. Wanga wa mahindi huhitaji kupita nyuzi 70 hivi, na wa mchele, kulingana na aina yake, unaweza kusubiri hadi nyuzi 80 na zaidi. Anayetumbukiza mchele mbichi pamoja na kimea kwenye maji ya nyuzi 65 atautoa karibu jinsi alivyoutia. Lazima upikwe kwanza, kisha ukutanishwe na kimea baada ya kupoa kiasi. Mama yeyote anayepika togwa anaujua utaratibu huu bila kipimajoto: hupika uji, huuacha upoe, hutia kimea cha ulezi, na uji uliokuwa mzito hulegea na kuwa mtamu. Kazi ya mpika bia ni ileile, ila yeye anahitaji kipimajoto, kwa sababu kimea chake kikikutana na joto la juu ya nyuzi 70 hupoteza upesi vimeng'enya vinavyotengeneza sukari ya kuchachuka.

Cha tatu ni mafuta. Punje nzima ya mahindi ina mafuta ya asilimia 4 hadi 5, mengi yakiwa kwenye kiini, na mafuta hayo huua povu na huchacha yakikaa. Cha nne ni uchujaji: mahindi yaliyokobolewa na mchele mweupe havina maganda yanayojenga chujio kama yale ya shayiri, na kadiri nafaka ilivyosagwa laini ndivyo machicha yanavyogeuka tope. Cha tano ni ladha. Cha sita ni usalama wa nafaka yenyewe, ambao kwa upande wa mahindi hauna budi kutajwa kwa sauti.

Ili mizani iwe moja, tuchukue mpiko wa lita 20 za bia yenye uzito wa mwanzo wa 1.048 kwenye haidromita, kifaa kinachoonyesha wingi wa sukari kabla ya kuchachuka. Kwa vyombo vya kawaida vya nyumbani, mpiko huo unahitaji takriban kilo 3 za kimea cha shayiri cha rangi nyepesi na kilo 1.2 za nafaka ya kuongezea, yaani chini kidogo ya asilimia 30 ya nafaka yote. Kiwango hicho ni salama. Ukikaribia asilimia 40, vimeng'enya huanza kuelemewa, na hamira nayo hukosa virutubisho ambavyo kwa kawaida huvipata kwenye kimea, kwa kuwa mahindi na mchele huleta sukari na si kingine kingi. Kimea kiwe cha aina ya pilsna, yaani cha rangi nyepesi, au kinachofanana nacho, kwa sababu kimea kilichokaangwa hadi kubadilika rangi hakina nguvu ya kubeba mzigo wa mwenzake.

Sembe

Kwa upatikanaji, sembe haina mpinzani. Kila duka la Mangi linayo, katika mifuko ya kilo moja hadi 25, na kwa kawaida ndiyo ya bei ya chini kuliko nyingine zote zinazojadiliwa hapa. Isichanganywe na dona. Dona husagwa pamoja na kiini na pumba, kwa hiyo mafuta yote ya punje huingia kwenye sufuria. Ni chakula bora mezani, lakini kwenye bia nyepesi huleta povu linalozimika kabla glasi haijafika mdomoni. Sembe imekobolewa, na sehemu kubwa ya kiini imeondoka.

Jikoni, sembe huiva haraka kwa sababu ni laini. Huanzishwa kama uji, yaani hukorogwa kwanza katika maji baridi ili isifanye madonge, kisha huchemshwa kwa dakika 15 hadi 20 huku ikikorogwa. Kilo 1.2 huhitaji lita 5 au 6 za maji, la sivyo utakuwa unasonga ugali.

Tabu yake iko kwenye kuchuja. Unga huo laini hutuama katikati ya machicha, huziba, na maji matamu hugoma kushuka. Tiba ni mbili. Ya kwanza ni kutumia mfuko wa kitambaa chepesi unaobeba nafaka yote na kuinuliwa mwishoni. Ya pili ni kuchanganya maganda ya mpunga, ambayo mashine za kukoboa mpunga huyatupa au kuyauza kwa bei ndogo sana, nayo huoshwa mara kadhaa kwanza hadi maji yawe safi. Hata hivyo, tarajia kupoteza kinywaji kidogo kwenye tope.

Ladha ni laini, yenye utamu wa mbali, na mahindi yetu meupe hayabadilishi rangi ya bia. Jambo moja la kusoma kwenye mfuko ni maneno yanayosema kwamba unga umeongezewa virutubishi, utaratibu uliowekewa kanuni nchini mwaka 2011. Madini ya chuma yanayoongezwa ni mema kwa mlaji wa ugali, lakini chuma huharakisha kuchakaa kwa bia inayokutana na hewa, kwa hiyo bia ya unga huo inafaa kunywewa ingali mpya, au atafutwe msagishaji wa mtaani ambaye unga wake hauna nyongeza.

Sembe inamfaa anayejaribu kwa mara ya kwanza, anayepika lita 5 au 10, na anayetumia mfuko.

Mahindi yaliyokobolewa na kuparazwa

Hii ndiyo njia iliyo karibu zaidi na kile wanachotumia viwanda, yaani vipande vya mahindi vilivyoondolewa ganda na kiini. Mahindi yaliyokobolewa, yale ya kupikia makande, hupatikana kwa urahisi Tandale na Manzese, na pia Tandika, Buguruni na masoko mengine makubwa. Bei yake kwa kilo huwa karibu na ya sembe. Unachoongeza ni ujira wa mashine, na mazungumzo.

Nasema mazungumzo kwa sababu mwenye mashine amezoea kusaga unga, na wewe unamwomba aparaze tu, jambo linalomlazimu kubadilisha chekeche na kuweka lenye matundu makubwa. Kwa kilo 2 wengi watakukatalia, na wana haki. Kwa kilo 10 au 20 mtaelewana, hivyo njia hii huwapendelea wapika bia wawili au watatu wanaonunua pamoja. Uliza pia mashine imetoka kusaga nini; iliyotoka kusaga dagaa wa chakula cha kuku haifai kabisa. Nyumbani, vipande hivyo vichungwe ili vumbi la unga litoke, maana ndilo linaloziba machicha.

Hapa ndipo usalama unapodai nafasi yake. Mahindi yaliyovunwa au kuhifadhiwa na unyevu hushambuliwa na kuvu wanaozalisha sumukuvu, na mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kuchemsha hakuiondoi, wala kuchachua si kinga ya kutegemea. Kukoboa hupunguza kiasi chake, kwa kuwa sehemu kubwa hukaa kwenye tabaka za nje na kiini, lakini punje iliyobadilika rangi, iliyonyauka au yenye harufu ya uvundo ni ya kutupa, na gunia lenye punje nyingi za namna hiyo ni la kuacha. Punje zilizotobolewa na dumuzi au fukusi nazo ni dalili ya hifadhi mbaya. Kwa kuwa baadhi ya wafanyabiashara huchanganya dawa ya unga kwenye mahindi ya kuhifadhi, ni vema kuyaosha na kuyaanika vizuri kabla ya kuyapeleka mashineni.

Kwa muda wa jikoni, njia hii ndiyo ndefu kuliko zote. Vipande huchukua dakika 30 hadi 45 za kuchemka mpaka vilainike hadi katikati, ingawa kuvilowesha usiku kucha hupunguza muda huo. Malipo yake huonekana kwenye kuchuja: vipande vikubwa havifanyi tope, na maji matamu hushuka yakiwa safi hata kwa asiye na mfuko.

Kuhusu ladha, mahindi hutoa bia iliyojaa zaidi mdomoni kuliko mchele, na wengine huyapenda kwa sababu hiyo hasa. Kuna malalamiko kwamba bia ya mahindi hunuka mahindi yaliyochemshwa. Harufu hiyo kwa kawaida hutokana na kimea chenyewe cha rangi nyepesi, na huondolewa kwa kuchemsha kwa nguvu, sufuria ikiwa wazi, kwa saa moja au zaidi, kisha kupoza haraka. Mahindi husingiziwa.

Njia hii inamfaa anayepika mara kwa mara, mwenye sufuria mbili, mwenye wenzake wa kugawana gunia, na anayechuja kwa ndoo yenye bomba.

Chenga za mchele

Chenga ni punje zilizovunjika wakati wa kukoboa mpunga, nazo hutengwa na mchele mzima kwa sababu mnunuzi wa pilau hazitaki. Kwa mpika bia kuvunjika huko hakupunguzi chochote. Wanga ni uleule, na vipande vidogo huiva haraka kuliko punje nzima. Kwa maana hiyo, kununua mchele wa Kyela kwa ajili ya bia ni kujitwisha gharama bure, maana harufu yake nzuri huondoka kwa sehemu kubwa pamoja na mvuke wa kuchemsha. Chenga huuzwa palepale unapouzwa mchele kwa jumla, Tandale ikiwa ya kutajwa kwanza, na bei yake kwa kawaida hukaa chini ya mchele mzima, mara nyingi juu kidogo ya sembe. Hukosekana nyakati fulani, kwa kuwa wapika vitumbua na wafugaji nao huzigombea.

Zichaguliwe kwa macho na pua: mawe, pumba na vumbi la mafuta la pumba ndivyo vinavyoharibu. Zipepetwe na kuoshwa mpaka maji yapungue uweupe. Mchele mweupe uliosafishwa hivyo una mafuta chini ya asilimia moja, na kwa upande huo unaishinda hata sembe. Hatari ya sumukuvu nayo huwa ndogo kuliko kwenye mahindi, ingawa chenga zenye uvundo zibaki dukani.

Upishi wake unahitaji uangalifu, kwa sababu uji wa mchele huwa mzito ghafla na kuungua chini. Dawa yake ni kuutia kimea kidogo mapema. Weka kilo 1.2 za chenga katika lita 6 za maji pamoja na gramu 150 hivi za kimea kilichosagwa, pandisha joto hadi nyuzi 70, subiri dakika 15, kisha chemsha kwa dakika 20 hadi 30 ukikoroga. Kimea hicho kidogo huanza kuulegeza uji kabla haujakaza. Kwa kuwa kitaishia kufa kwenye kuchemka, hakuna haja ya kutumia kile cha bei ghali. Kimea cha ulezi kinachouzwa kwa ajili ya togwa hufanya kazi hiyo, na kwa kiasi hicho ladha yake haitambuliki kirahisi.

Uji ukiwa tayari, unaweza kuuacha upoe hadi karibu na nyuzi 70 kabla ya kuuchanganya na kimea kikuu. Ukitaka kuokoa muda, loweka kilo 3 za kimea katika lita 9 za maji ili mchanganyiko utulie kwenye nyuzi 48 hadi 50, kisha mimina uji unaotoka motoni kidogo kidogo huku ukikoroga na kupima. Kwa vipimo hivyo, joto hupanda lenyewe hadi kati ya nyuzi 65 na 67, na hapo unasimama kwa saa moja. Ukiona kipimajoto kimefika 67 kabla uji haujaisha, uji uliobaki usubiri. Hesabu hiyo hiyo inatumika kwa sembe na kwa mahindi yaliyoparazwa.

Uchujaji wake uko katikati: si mgumu kama wa sembe, wala si mwepesi kama wa mahindi yaliyoparazwa. Kiganja kimoja au viwili vya maganda ya mpunga humaliza ubishi. Unga wa mchele, kwa upande wake, una tabu zote za sembe bila unafuu wa bei, na sioni sababu ya kuununua.

Ladha ya mchele ni kutokuwa na ladha. Bia hutoka kavu, nyepesi, na hopsi, maua yanayoipa bia uchungu na harufu, husikika waziwazi. Tatizo ni kwamba kila kosa nalo husikika, na katika jiji ambalo joto la ndani hupita nyuzi 28 kwa miezi mingi, hamira isiyopozwa hutoa harufu za matunda na ukali ambazo bia ya mchele haiwezi kuzifunika. Chenga zinamfaa mwenye friji ya kuchachulia, au aliyekwisha kuimudu hamira inayostahimili joto.

Poha na kornifleksi

Njia ya nne ni kulipia upishi uliokwisha kufanywa na mwingine. Poha, mchele uliopashwa moto na kubapwa, huuzwa kwenye maduka ya vyakula vya Kihindi ya Kisutu na Upanga. Pepeta ya visiwani ni ndugu yake, ingawa huja kwa msimu na ni tamu mno kuiacha iishie kwenye pipa. Kornifleksi za supamaketi ni mahindi ya namna hiyohiyo. Wanga wake umeiva, kwa hiyo huchanganywa moja kwa moja na kimea kwenye nyuzi 65, bila sufuria ya pili na bila gesi ya ziada.

Bei ya kilo huwa juu kuliko ya chenga au sembe, na kwa kornifleksi mara nyingi juu sana. Soma pakiti: zilizopakwa sukari, asali au chokoleti hazifai, na hata zile za kawaida huwa na chumvi. Uchujaji wa poha ni wa kuridhisha ikiwa haikupondwa. Ladha hufuata nafaka iliyotumika. Anayefaidika ni mwenye jiko moja, sufuria moja na jioni moja.

Kwa hali yako

Katika mpiko wa kilo 1.2, tofauti ya bei kati ya sembe, mahindi yaliyoparazwa na chenga ni ndogo ikiwekwa kando ya kile unachookoa kwa kupunguza kilo nzima ya kimea cha shayiri. Kwa hiyo uamuzi mzuri huangalia zaidi vyombo, muda na joto la nyumba kuliko mamia ya shilingi.

Ukiwa na sufuria moja na mfuko, anza na poha kwa mpiko mdogo. Ukikuta bei inakuuma, hamia sembe. Ukipikia mkaa, epuka mahindi yaliyoparazwa hadi uzoee kuyalowesha, kwa sababu dakika 45 za kukoroga juu ya moto usiodhibitika huishia kwenye uji ulioungua. Ukipika kwa gesi ya mtungi mdogo wa kilo 6, chenga hukupa uwiano mzuri wa bei na muda. Ukichujia ndoo yenye bomba na huna maganda ya mpunga, mahindi yaliyoparazwa yatakuepusha na usiku mrefu. Ukiwa huna namna ya kupoza pipa, mahindi ya aina yoyote yatakuwa na huruma kuliko mchele. Na ukitaka bia kavu kabisa ya kunywea samaki wa kukaanga, usizunguke, nunua chenga.

Anayepika mwaka mzima aangalie pia kalenda. Mpunga mwingi huvunwa kati ya Mei na Julai, na mahindi ya Nyanda za Juu Kusini kati ya Juni na Agosti, hivyo bei za Dar es Salaam huwa na kawaida ya kushuka katika miezi inayofuata na kupanda tena kuelekea Januari na Februari. Ukinunua wakati bei iko chini, nunua punje zilizokauka vizuri na uzihifadhi katika chombo kisichopitisha hewa, kilichoinuliwa kutoka sakafuni. Sembe usiiwekee akiba ya zaidi ya miezi michache, kwa kuwa mabaki ya mafuta yake huchacha katika joto letu, na mahindi usiyaparaze mpaka wiki ya kupika.